Gari la umeme na transfoma ya mtaa: mzigo unapita wapi, na saa ngapi

Likitajwa gari la umeme Tanzania, swali linalofuata huwa moja: umeme wenyewe utatosha? Mgao wa 2023 bado haujasahaulika, kwa hiyo swali lina haki yake. Lakini hesabu yake ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Pikipiki ya umeme ya bodaboda hula kiasi cha Wh 35 hadi 40 kwa kilomita (uniti moja ni Wh 1,000). Dereva anayezunguka kilomita 120 kwa siku anahitaji uniti nne na nusu, tuseme tano tukihesabu na zile zinazopotelea kwenye chaja kama joto. Pikipiki 10,000 basi ni uniti 50,000 kwa siku, na zikichajiwa kwa saa nane ni mzigo wa MW 6 na robo. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa, kila mmoja MW 235, jumla MW 2,115. Mtambo mmoja tu ungetosha pikipiki zaidi ya 370,000. Gari dogo la kilomita 40 kwa siku nalo linamaliza uniti saba hivi. Nchini Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari tisa kati ya kumi mapya yaliyosajiliwa yalikuwa ya umeme, gridi haijaanguka.

Shida iko mwisho wa safari. Umeme ukitoka Rufiji hupanda hadi kilovoti 400 kuelekea Chalinze, ukashushwa kwenye vituo vya kupoza, ukasambazwa kwa laini za kilovoti 33 na 11, kisha ukafika kwenye transfoma iliyo juu ya nguzo mbili pale mtaani, inayotoa volti 400 kati ya fezi na fezi (zile nyaya tatu zinazoleta umeme) na 230 kati ya fezi na nyutro (waya wa kurudishia). Huko juu kuna vyumba vya udhibiti na watu wanaotazama vipimo usiku na mchana. Kwenye transfoma ya mtaa kwa kawaida hakuna anayetazama. Habari za mzigo wake hufika ofisini kwa njia ya simu ya mteja: "Umeme umekatika huku kwetu."

Transfoma ya kVA 100 na majirani sita

Soma kibao cha chuma kilichopigiliwa ubavuni mwa transfoma. Kikiandikwa kVA 100, yaani ukubwa wa mzigo inaoweza kubeba, na volti 400, maana yake kila fezi inaweza kubeba ampia 144 kwa muda mrefu bila kuumia. Kwa kVA 200 ni ampia 289, kwa kVA 315 ni 455. Tubaki na hiyo ya 100, maana ni ya kawaida mitaani.

Tuseme inalisha nyumba sabini. Kila nyumba ina swichi kuu ya ampia 60, hivyo kwa karatasi nyumba hizo zingeweza kuvuta karibu kVA 1,000. Haijawahi kutokea, kwa sababu pasi ya huyu ikiwaka birika la yule limeshazimwa. Wanaopanga mitandao huhesabu kW 1 hadi 2 tu kwa nyumba ya kawaida, wakitegemea kutosadifiana huko. Mtandao mzima wa msongo mdogo (ule wa volti 400 na 230) umejengwa juu ya dhana hiyo.

Gari la umeme linaivunja dhana hiyo kwa njia mbili. Kwanza ukubwa: chaja ya ukutani ya ampia 32 ni kW 7.4, sawa na nyumba nne au tano kwa pamoja. Pili muda: birika huchemka dakika nne, gari huvuta mkondo uleule kwa saa tatu, tano, hata nane. Na wenye magari hurudi nyumbani saa zilezile ambazo taa, televisheni, viyoyozi na pampu za maji zimewashwa, kati ya saa moja jioni na saa nne usiku.

Sasa weka magari sita kwenye mtaa huo, kila moja na chaja yake ya ampia 32. Yakigawanywa mawili-mawili kwenye fezi tatu, kila fezi imeongezewa ampia 64. Kama fezi zilikuwa na ampia 90 jioni, zimefika 154: juu kidogo ya kibao, si kifo. Lakini mafundi waliounganisha nyumba hizo miaka kumi iliyopita hawakuwa wanahesabu magari. Fezi iliyokuwa karibu na mkono ndiyo iliyofungwa. Ikitokea magari manne yako kwenye fezi moja, tuseme ile nyekundu, fezi hiyo ina ampia 218, na zile mbili zimepumzika. Ukijumlisha kVA zote, transfoma inaonekana imezidiwa kidogo tu. Koili moja kati ya tatu inaungua.

Fyuzi je? Hapa ndipo wengi hupotea. Fyuzi ya ampia 160 haikatiki mkondo ukifika 161. Fyuzi za kawaida za aina hiyo hutengenezwa zisikatike ndani ya saa mbili zikibeba mara 1.25 ya kiwango chake, yaani ampia 200, na zihakikishwe kukatika ndani ya saa hizo mbili zikibeba mara 1.6, yaani 256. Ampia 218 iko katikati ya mipaka hiyo: leo itakatika, kesho haitakatika. Fyuzi imewekwa kwa ajili ya nyaya zinazogusana, si kwa ajili ya kuilinda transfoma na joto la taratibu. Ikikatika mara tatu kwa wiki hutokea mtu wa kuiwekea kipande cha waya, na kuanzia hapo hakuna kinachoilinda transfoma kabisa.

Joto lenyewe lina kanuni inayojulikana. Karatasi iliyofungwa kwenye koili, ndani ya mafuta, ndiyo uhai wa transfoma. Kwa karatasi ya kawaida kiwango kinachokubalika mahali penye joto kali zaidi kwenye koili ni nyuzi 98 za Selsiasi, na kila nyuzi sita zinapoongezeka kasi ya kuzeeka huwa mara mbili. Nyuzi 110 ni mara nne. Nyuzi 116 ni mara nane. Mafuta huchukua saa kadhaa kupata joto na saa kadhaa kupoa, ndiyo maana transfoma inaweza kustahimili kilele kifupi cha jioni: inapumzika usiku wa manane mzigo unaposhuka. Magari yakijaza ule usiku, pumziko limeondoka. Dar es Salaam kuna la ziada, maana hewa ya saa nane usiku mwezi wa pili bado iko juu ya nyuzi 25.

Kwa hiyo ushauri unaotolewa kila mahali wa kuchaji usiku ni mzuri kwa mitambo ya kuzalisha umeme, lakini kwa transfoma ya mtaa una kikomo chake.

Mwisho wa laini

Anayekaa karibu na transfoma hupata volti nzuri. Tatizo liko kwa yule wa nguzo ya mwisho. Waya wa alumini wa milimita za mraba 50 una ukinzani wa karibu omu 0.64 kwa kilomita. Nyumba iliyo mita 300 kutoka kwenye transfoma, ikivuta ampia 32 kwa njia moja (fezi moja), mkondo unakwenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, kwa hiyo waya ni mita 600. Ampia 32 mara omu 0.64 mara kilomita 0.6 ni volti 12. Gari moja tu limeshusha volti 230 hadi 218, kabla hujahesabu friji ya jirani. Magari mawili ya fezi moja hapo mwisho, na volti inakaribia 205. Pampu za maji na viyoyozi ndivyo huumia kwanza, kwa sababu mota ikipungukiwa volti huvuta mkondo mwingi zaidi na kupata joto.

Fundi anaweza kupandisha volti kwa kuzungusha swichi ya hatua iliyo kwenye transfoma, hatua ya asilimia 2.5 kila moja, umeme ukiwa umezimwa. Inasaidia nguzo ya mwisho. Lakini nyumba ya kwanza nayo imepandishiwa, na saa tisa alasiri, mzigo ukiwa mdogo na paneli za jua zikirudisha umeme kwenye laini, taa zake zitaanza kufa mapema.

Nyutro inastahili neno lake. Mzigo ukiwa sawa kwenye fezi zote tatu, nyutro ya laini haibebi karibu kitu. Ukiegemea fezi moja, nyutro inabeba tofauti yote, na kila kiungo chake kilicholegea kinapata moto. Kikikatika ukiwa na mzigo usiolingana, fezi yenye vifaa vichache hupanda kuelekea volti 400. Televisheni, friji na chaja za fezi hiyo huungua kwa pamoja, na mtaa mzima utasema "umeme ulikuja mwingi". Umeme haukuja mwingi, nyutro ilikatika.

Waingereza walilipima jambo hili la laini za mtaa kati ya 2013 na 2015, kwa jaribio la kuweka magari mengi ya umeme kwa makusudi kwenye mitaa michache. Hitimisho lao: pale asilimia 40 hadi 70 ya wateja wakiwa na gari linalochaji kwa kW 3.5, asilimia 32 ya laini za msongo mdogo nchini mwao zingehitaji kufanyiwa kitu. Na laini zao ni nene kuliko zetu. Lakini tazama upande wa pili: theluthi mbili hazikuhitaji kitu. Kazi ni kuzijua zipi ni zipi.

Bei ya usiku na mtego wake

Kenya ilichagua kutumia bei. Tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za mzigo mdogo, kabla ya kodi na tozo, kwa mteja asiyezidi uniti 15,000 kwa mwezi. Siku za kazi mzigo mdogo huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mantiki yake iko kwenye mitambo ya jotoardhi ya Olkaria. Mahitaji ya Kenya yalipita MW 2,300 mwaka 2025 saa za kilele, lakini usiku wa manane hushuka hadi karibu nusu, na mvuke wa jotoardhi usio na mteja huachiliwa hewani. Kumuuzia mwenye pikipiki kwa nusu bei ni bora kuliko kuupuliza.

Kwa taifa, safi. Kwa mtaa, fikiria kinachotokea saa nne kamili usiku. Magari yote yamewekewa saa yaanze hapohapo. Zamani yalikuwa yanachomekwa kwa kupishana, huyu saa moja, yule saa mbili na nusu. Sasa yote yanaanza sekunde moja. Bei imefuta kilele cha saa mbili na kutengeneza kingine chenye ncha kali zaidi, kwenye transfoma ileile. Uingereza ililiona hilo, na kanuni zake zilizoanza kazi Juni 2022 zinadai kila chaja ya nyumbani isubiri muda wa kubahatisha wa hadi dakika kumi kabla ya kuanza au kubadili mzigo. Ni mistari michache ya programu, na faida yake ni kubwa kuliko gharama. Nchi za Afrika Mashariki zingeweza kuidai kwenye chaja zinazoingizwa leo, wakati bado ni chache.

Kwetu kuna sababu kubwa zaidi ya kuidai: umeme hukatika. Ukirudi saa tatu usiku baada ya kukatika saa mbili, kila friji inawaka kwa pamoja kwa sababu zote zimepata joto, kila kiyoyozi kinaanza upya, na sasa kila gari linaendelea kuchaji papo hapo. Mzigo wa dakika hizo za kwanza unaweza kuzidi kilele chochote cha kawaida, fyuzi zikakatika, na watu wakasema umeme umerudi na kukatika tena. Chaja inayosubiri kwa kubahatisha, dakika tano hadi thelathini baada ya umeme kurudi, inaondoa sehemu yake yote katika tatizo hilo.

Bei za TANESCO zilizoidhinishwa 2016 hazikutofautisha usiku na mchana. Mwenye LUKU hana sababu ya mfukoni ya kungoja hadi saa nne. Atachaji akifika.

Jinsi gari linavyoambiwa lipunguze

Wengi hudhani kudhibiti mzigo wa magari kunahitaji intaneti na kompyuta kubwa. Msingi wake ni waya mmoja mwembamba. Ndani ya kebo ya kuchajia, kando ya nyaya nene za umeme, umo waya ambao chaja hutumia kutuma mawimbi ya mraba ya volti 12, mara 1,000 kwa sekunde. Gari likichomekwa, volti hiyo hushuka hadi 9. Likiwa tayari kupokea, hushuka hadi 6, na hapo ndipo swichi ya ndani ya chaja hufunga na umeme mkubwa kupita.

Ujumbe wenyewe uko kwenye upana wa wimbi. Chukua asilimia ya muda ambao wimbi liko juu, zidisha kwa 0.6, unapata ampia ambazo gari linaruhusiwa kuvuta. Asilimia 53 ni ampia 32. Asilimia 27 hivi ni 16. Asilimia 10 ni ampia 6, na chini ya hapo hakuna: ukitaka gari livute pungufu ya 6, lazima ulisimamishe kabisa. Chaja ikibadili upana, gari linapaswa kutii ndani ya sekunde tano. Chaja ndiyo inayopanga kikomo. Gari huchagua kuvuta kiasi hicho au pungufu.

Kwa njia hiyo jengo la ghorofa lenye magari kumi halihitaji umeme wa magari kumi. Unafunga vipimo vya mkondo kwenye waya mkuu wa jengo, unakiambia kidhibiti kwamba jumla isizidi, tuseme, ampia 100 kwa fezi, nacho kinagawa kilichobaki kwa magari yaliyochomekwa. Lifti ikianza, magari yanapungua. Saa sita usiku jengo likilala, yanapanda. Angalia vitu viwili wakati wa kununua: kwamba kidhibiti kikipoteza mawasiliano chaja zinashuka hadi kiwango salama badala ya kupanda hadi cha juu, na kwamba kinapima kila fezi peke yake. Kinachopima jumla tu hakikusaidii na ile fezi nyekundu.

Betri za bodaboda

Magari binafsi ni hadithi ya mbele kidogo. Kilichopo barabarani sasa Nairobi, Kigali na Dar es Salaam ni pikipiki, na Kigali imekwenda mbali zaidi: tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa jijini humo ni za umeme tu. Wengi wa madereva hawachaji, wanabadili betri. Kwa mtandao wa usambazaji hii ni bahati, kwa sababu dereva anaondoka na betri iliyojaa ndani ya dakika mbili, na ile tupu inaweza kuchajiwa saa yoyote anayotaka mwenye kituo. Mahitaji ya dereva na mahitaji ya transfoma yametenganishwa.

Bahati hiyo hupotezwa kirahisi. Kituo chenye betri za akiba chache kinalazimika kujaza kila betri upesi iwezekanavyo, na kinakuwa mzigo mkubwa wa saa kumi na moja jioni kama gari lolote. Chenye akiba ya kutosha kinaweza kupunguza kasi saa za kilele na kulipiza usiku. Akiba ya betri ni mtaji, na hapo ndipo mwenye kituo hupiga hesabu. Lakini hesabu yake inahitaji kuingiza bili.

Tuipige kwa bei hizo za TANESCO za 2016, kabla ya VAT na tozo. Kituo kinachobadilisha betri kama mia moja kwa siku, kila moja ikimeza uniti 2.7 hivi, kinatumia karibu uniti 8,000 kwa mwezi. Mteja wa T1, daraja la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti, basi. Lakini ukipita uniti 7,500 kwa mwezi unaingia T2: shilingi 195 kwa uniti, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele chako cha mwezi, na shilingi 14,233 za huduma. Kituo kinachojaza betri zote kwa kasi na kufikia kilele cha kVA 60 kitalipa 1,560,000 za uniti, 900,240 za kilele na hizo za huduma: jumla 2,474,473, sawa na shilingi 309 kwa uniti. Kimepanda daraja na kulipa zaidi. Kituo hichohicho kikijiwekea kikomo cha kVA 25 na kuchaji taratibu kwa saa kumi na moja kwa siku kinalipa 1,949,333, yaani shilingi 244 kwa uniti. Tofauti ni zaidi ya nusu milioni kila mwezi, kwa betri zilezile na madereva walewale. Transfoma nayo imefurahi.

Chaja zenyewe zina hila yake. Chaja ya bei ndogo isiyo na sakiti ya kurekebisha pawa fakta (uwiano wa kW za kazi na kVA zinazovutwa) huvuta mkondo kwa vipande vifupi kwenye vilele vya wimbi. Pawa fakta yake inaweza kuwa 0.6, maana yake kwa kila kW 6 za kazi unaibebesha transfoma kVA 10, na T2 inakutoza kwa kVA. Zaidi ya hapo, vipande hivyo huzaa mawimbi ya Hz 150 ambayo, tofauti na mkondo wa kawaida, hayafutani kwenye nyutro, yanajumlishana. Kituo chenye chaja za aina hiyo, zilizogawanywa vizuri kabisa kwenye fezi tatu, kinaweza kuwa na mkondo wa nyutro mkubwa kuliko wa fezi yoyote, kwa nadharia hadi mara 1.73. Fundi aliyeweka nyutro nyembamba ili kuokoa shaba atakuja kuona rangi ya plastiki imegeuka kahawia. Dai kwa muuzaji pawa fakta ya 0.95 au zaidi, kisha ipime mwenyewe kwa klempu (kipimo cha kubana waya) inayosoma mkondo halisi wa mawimbi yaliyopinda, chaja ikiwa katikati ya kazi na si mwishoni, kwa sababu mwishoni mkondo ukipungua hata chaja nzuri husoma vibaya.

Mahali pa kituo, ukiwa na uchaguzi, ni ndani ya mita mia moja ya transfoma, kwa umeme wa njia tatu. Kabla ya kulipa kodi ya eneo, omba mzigo wa transfoma hiyo upimwe kwa siku saba, kila fezi na nyutro. Kipimo cha mchana mmoja hakikuambii chochote kuhusu Jumamosi usiku.

Gari la Japani na soketi ya pini tatu

Magari mengi ya umeme yanayoingia huku ni yaliyotumika Japani, na Nissan Leaf ndiyo inayoonekana zaidi. Yana jambo moja ambalo mtandao unapaswa kulijua: tundu lao la kuchajia polepole ni la njia moja tu. Hata ukiwa na umeme wa njia tatu nyumbani, mzigo wote utakaa fezi moja. Anayekufungia chaja apime kwanza ni fezi ipi ina mzigo mdogo jioni, si ipi ina nafasi kwenye ubao.

Kebo inayokuja na gari ni ya soketi za Kijapani. Kinachofanyika mara nyingi ni kukata plagi na kufunga ya pini tatu. Soketi yetu inaandikwa ampia 13, lakini haikukusudiwa ibebe 13 kwa saa nane. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitisha ampia 13, kinatoa wati 17 za joto ndani ya kisanduku cha plastiki kisicho na hewa. Kwa ampia 10 ni wati 10. Ndiyo maana kebo zilizotengenezwa kwa soketi hizi huwekewa kikomo cha ampia 10 au pungufu, na nzuri zina kipima joto ndani ya plagi. Ile iliyokatwa haina. Shika plagi baada ya saa moja: ikiwa huwezi kuendelea kuishika, simamisha. Ekstensheni isitumike kabisa.

Kwa chaja ya ukutani weka sakiti yake peke yake kutoka kwenye ubao: breka ya ampia 40 kwa chaja ya 32, waya wa shaba wa milimita za mraba 6 kwa umbali mfupi, 10 ukizidi mita ishirini na kitu au ukipita darini penye joto. RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampia 30 ni lazima, lakini aina yake ina maana. Ile ya bei rahisi ya aina AC hupofushwa na mkondo wa moja kwa moja (DC) unaovuja kutoka kwenye gari, ikawa haikati hata mtu akinaswa. Inatakiwa aina A pamoja na kigunduzi cha miliampia 6 za mkondo wa moja kwa moja, ambacho chaja nyingi nzuri zinacho ndani, au aina B. Na ethi (waya wa kwenda ardhini) iwe ya fimbo yake, iliyopimwa. Ethi iliyoungwa kwenye nyutro ya nguzo inafanya bodi la gari kuwa na volti siku nyutro ya laini ikikatika, na anayegusa mlango amesimama pekupeku juu ya udongo wenye maji.

Kabla ya kununua transfoma mpya

Shirika la umeme likiona mtaa umezidiwa, kubadilisha transfoma ndiyo hatua inayofikiriwa kwanza. Ingekuwa ya nne. Ya kwanza ni kujua: kila chaja ya zaidi ya ampia 16 isajiliwe, na kipimo kidogo kifungwe kwenye transfoma zenye dalili. Ya pili ni kuhamisha nyumba kutoka fezi moja kwenda nyingine, kazi ya gari la mafundi, ngazi na asubuhi moja. Kwa mtaa wetu wa magari manne kwenye fezi nyekundu, kuhamisha mawili kunashusha ampia 64 bila kununua chochote. Ya tatu ni kugawa laini ndefu au kunenepesha waya pale volti inapoanguka. Kisha ndipo transfoma, na mara nyingi ile ya zamani inahamia mtaa mwingine ikiwa na miaka mingi mbele yake.

Mabasi hayamo katika mpango huo; gereji ya mabasi inahitaji laini ya kilovoti 11 au 33 na transfoma yake yenyewe. Ila ukubwa wake unategemea jambo lilelile. Mabasi ishirini, kila moja likihitaji uniti 100 kabla ya asubuhi, kwa chaja za kW 60. Yakichomekwa yote saa nne usiku na kuachwa yavute yanavyotaka ni kW 1,200, kama kVA 1,260: transfoma ya kVA 1,500. Yakigawiwa kwa saa sita, tukihesabu na upotevu, ni kW 360 hivi, kVA 380: transfoma ya kVA 500 inatosha na kubaki. Kwa daraja la T3 la msongo wa kati la 2016, kilele ni shilingi 13,200 kwa kVA kila mwezi, yaani milioni 16.6 kwa mpango wa kwanza na milioni 5 kwa wa pili. Milioni 11.6 za kila mwezi zinalipia kidhibiti cha mzigo, fundi wa kukiangalia, na bado mabasi yote yanatoka saa kumi na moja alfajiri yakiwa yamejaa.